Maswali ya Bi Kwanini

"Mwalimu, kwa nini pinki imepotea sasa hivi?"

Mwalimu wa kemia akafunga koki ya bureti na kushusha pumzi. Binti huyu wa dawati la mbele! Ofisini kwa walimu walimwita Bi Kwanini, na halikuwa jina la kumsifu. Akamjibu kama alivyojibu wiki nzima, kwamba asidi imeimaliza besi, basi rangi imekwenda zake.

Alikuwa amechoka, uchovu ule wa mifupani. Macho yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho, na miadi ya upasuaji ilikuwa wakati wa likizo. Hadi hapo ilibidi ajikaze kisabuni, mtu asijue. Mkuu wa shule alishasema wazi kwamba asiyeona vizuri hatafundisha maabara. Na nyumba nzima ilikuwa ikila kwa kazi hiyo moja.

Leo mkuu mwenyewe alikuja kukagua somo. Alipopita mezani kuweka mkoba wake, mwalimu alisikia vyombo vikisogezwa na kugongana kidogo. Kisha mkuu akaenda kuketi nyuma.

Somo likafika kwenye kuzimua asidi kali kwa maji. Mwalimu alikuwa na utaratibu wake: bika, kopo la kioo, la asidi kulia, la maji kushoto, siku zote, mkono usibabaike. Akanyanyua la kulia, akaanza kuliinamisha juu ya lile la kushoto.

"Mwalimu, kwa nini ni hatari kumimina maji kwenye asidi?"

Jamani! Swali hilo alishalijibu mpaka ulimi ukaota sugu. Akalirudisha bika mezani apate kueleza, akainama kulishika lile jingine. Harufu kali ikamchoma pua. Asidi ilikuwa kushoto.

Jasho likamtiririka mgongoni. Akabadilisha vyombo kama mtu asiye na haraka, akamimina asidi kwenye maji kidogo kidogo, huku akieleza kwamba ukifanya kinyume, joto huichemsha ghafla ikakurukia usoni. Sauti haikutetemeka. Bahati tu, alijiambia, bahati ya swali la kijinga.

Kengele ilipolia, mkuu alimpa mkono. Alisema darasa limechangamka, watoto wanauliza bila woga, na muhula ujao maabara itabaki mikononi mwake. Akatoka.

Hapo uchovu wa mwalimu ukageuka hasira. Akamwita Bi Kwanini mbele, wenzake wote wakiwa bado wamekaa. Akamuuliza anapata faida gani kuuliza mambo ambayo hata mtoto wa chekechea angeyaona kwa macho yake, tena mbele ya mkuu.

Binti akatazama viatu vyake. Hakuna aliyecheka wala kusogeza kiti.

"Samahani, Mwalimu," akasema taratibu. "Darasa ndilo lililonichagua niulize. Tusipouliza, utaonaje?"