Kapu la Idi

"Sura ya tatu ifute, binti," profesa msimamizi wake alimwambia Sekar, huku akitafuna tofu ya kukaanga. "Kampuni hizo nne ni mahasimu. Kupandisha bei ya mafuta ya kupikia siku ileile, Jakarta nzima, ni sadfa tu."

Kisha akajipangusa vidole kwenye tasnifu ya uzamili ya Sekar, jasho la miaka miwili. Mafuta yakapenya hadi kwenye jedwali la bei.

Sekar akageuza uso kwa kinyaa. Chini ya meza, nyuma ya miguu ya profesa, kulikuwa na kapu la zawadi ya Idi. Ndani yake mlikuwa na chupa nne za mafuta, za kampuni zote nne, na kadi moja tu ya salamu kutoka kwa zote.

"Sawa, Profesa," akasema, akitoa simu. "Ila kwanza tupige picha ya ukumbusho. Naomba usogeze miguu kidogo."