Mbali na Tanuri

Agosti 12, 1996. Asubuhi upepo wa baridi ulivuma Manyoni, vumbi likaingia mpaka kwenye uji.

Miaka kumi na moja nilichoma mikate, na mke wangu Rebeka hakushika mimba. Januari kiwanda cha mikate kikauzwa, nikapunguzwa kazini. Sasa ana mimba ya miezi minne, na majirani wanauliza ni ya nani. Nilifunga, nikaomba, lakini wiki mbili sikumsemesha.

Jioni kwenye darasa letu la elimu ya watu wazima, Rebeka akiwa benchi la wanawake, mwalimu alichora ubaoni jinsi mbegu za kiume zinavyotengenezwa.

"Huchukua zaidi ya siku sabini," alisema. "Hazipendi joto. Ndiyo maana Mungu aliweka korodani, kiwanda cha mbegu hizo, nje kidogo ya mwili. Mtu akishinda kwenye moto kila siku, zinaweza kuharibika. Akiuacha, mwili hutengeneza nyingine."

"Kumbe tuwe tunawapepea!" akasema mama mmoja. Darasa likaangua kicheko.

Mimi nilitazama kovu la tanuri mkononi mwangu, nikakunja vidole. Januari nilitoka motoni. Februari. Machi. Aprili, mimba ikaingia.

"Unahesabu nini wewe?" Rebeka akaniuliza.

Nikasimama, daftari likaanguka.

"Mwalimu, na ninyi nyote, mnisikie," nikasema, machozi yakinitoka. "Mtoto huyu ni wangu. Mbele za Mungu na mbele yenu naahidi: leo narudi nyumbani nimemshika mke wangu mkono, na kwenye tanuri sirudi mpaka tupate wa pili."