Zoezi la Mwalimu Punda

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana vishikwambi vilikuwa vimeshafika shuleni, Punda alikuwa mwalimu wa hesabu. Kwa wiki tatu alihangaika kutengeneza zoezi la kwenye kishikwambi, na bado lilikuwa na kasoro. Akalipeleka kikaoni wenzake wamkosoe.

Akaandika mbele yao: mbili na mbili ni tisa. Kishikwambi kikapaza sauti, "Hongera!"

"Hongera sana, Mwalimu!" akasema Fisi, macho kwenye sahani ya mihogo ya chai. "Endelea hivyo hivyo."

"Lakini jibu si sahihi, Mwalimu Fisi."

"Na unyenyekevu pia unao! Jamani, makofi ya kilo!"

Wakapiga makofi. Punda akakitazama kishikwambi, akawatazama wenzake, akajua mashine imejifunzia wapi.

Ikafika zamu ya Fisi kuonyesha kazi yake. Akawasha projekta bila kutoa kifuniko cha lenzi. Ukutani hapakuonekana kitu.

"Mwalimu Punda, tupe maoni," akasema Fisi.

Punda akafungua kinywa aseme kweli. Akakumbuka wiki zake tatu zilizoishia kwenye makofi. Chai nayo ilikuwa inapoa.

"Hongera," akasema. "Endelea hivyo hivyo."