Neno la Sauna

"Jumba lile huliuzi, Mkuu," alisema Outi, jasho likimtiririka mpaka kidevuni.

Mwanamke aliyekaa benchi la juu alichota maji kwa kata akayamwaga juu ya mawe. Mvuke ulipanda kwa kelele, ukawafunika wote watatu. Kwenye benchi la chini, Virpi, mwandishi wa redio aliyetumwa kutoka Helsinki, aliinamisha kichwa kutafuta hewa karibu na sakafu. Alikuwa uchi kama wenzake, hana kalamu wala kinasa sauti. Hata miwani aliiacha nje, maana ile fremu ya chuma ingemuunguza pua.

Wanafunzi walikuwa wameliteka jengo kuu la chuo tangu Jumatatu na wanalala ukumbini. Walipinga kuuzwa kwa jumba la mbao kando ya mto, bweni lao la bei nafuu, ambalo mkuu wa chuo, Bi Leskelä, alitaka kuwapa watu wa hoteli. Outi, msemaji wao, alikuwa mwaka wa mwisho wa udaktari wa meno. Akikosa chumba kile hana pengine pa kulala. Angeacha masomo arudi kwao Kuhmo, kwenye misitu na mbu.

Bi Leskelä alikataa kuzungumza nao ofisini. Alisema atakutana na msemaji wao Alhamisi jioni katika sauna ya chini ya jengo, mahali ambapo mtu hana cheo wala suti. Outi ndiye aliyetaka mwandishi wa habari awe shahidi. Alimshika Virpi mkono mwenyewe, akamteremsha ngazi mbio mbio, akimhimiza wasichelewe, ingawa saa ya miadi ilikuwa bado.

Huku kwetu neno lililotolewa sauna halirudishwi. Mtu anaweza kumdanganya mchungaji, akamdanganya hata mtu wa kodi, na majirani wakamsamehe. Anayekana neno la sauna, bora ahamie Sweden.

"Nyinyi mnasema bweni," alisema mwanamke wa juu. "Mimi nasikia ni zizi."

"Nani kasema?"

"Ngazi hazijapigwa deki tangu majani yaanze kupukutika. Na kuna soksi zinakaushwa juu ya jiko, karibu na sufuria. Uongo?"

Outi alizidi kuwa mwekundu. "Hayo hayahusiani na..."

"Yanahusiana sana, binti. Nisiliuze ili mzidi kulichafua?"

Virpi alicheka kule chini, kisha akakohoa. Mambo yalikuwa yanakwenda kombo na joto lilikuwa linampanda kichwani.

"Tutasafisha," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi siliuzi. Lakini kila Jumamosi ngazi zipigwe deki, na mazulia yatolewe nje yakung'utwe. Na mtu asitoke bila kofia kwenye baridi hii. Ndiyo maana mnajaza zahanati."

Outi alikodoa macho. "Kofia haikuwamo kwenye mazungumzo!"

"Sasa imo."

Wakapeana mikono iliyolowa, na Virpi akaweka wake juu kuthibitisha. Kisha akatoka mbio, akajimwagia maji, akavaa, akapanda hadi chumba cha bawabu penye simu. Outi akamfuata. Mwanamke yule alibaki akiongeza maji kwenye mawe.

"Nendeni tu," alisema. "Mimi ndiyo kwanza napata joto."

Redio ilitangaza habari hiyo kabla supu ya njegere haijapoa. Ukumbini watu walikumbatiana. Jouko, aliyekuwa akidai tangu Jumatatu kwamba wachome kitu, chochote kile, alilia kama mtoto.

"Kumbe yule mama ana roho," alisema. "Lakini kofia?"

"Vaa tu, Jouko," alisema msichana mmoja. "Kaubongo kako ni kadogo, katawahi kuganda."

Baadaye kidogo Bi Leskelä akatokea mwisho wa korido, nywele kavu, taulo begani na kindoo mkononi. Ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi. Wakamzunguka, mmoja akamtilia bakuli la supu, mwingine akambusu shavuni. Virpi, miwani ikiwa puani sasa, alimsogezea kipaza sauti.

"Mkuu, nchi nzima imesikia. Watu wanapiga simu redioni kukusifu. Unathibitisha ulichotuahidi sauna?"

"Nilichoahidi?"

"Kwamba jumba haliuzwi."

Bi Leskelä alimtazama Outi. Outi aliinua macho akaitazama dari. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Kukana mbele ya redio, taulo likiwa begani, si kazi ya mtu mwenye akili zake.

"Neno la sauna ni neno," alisema Bi Leskelä polepole.

"Na deki kila Jumamosi?"

"Na deki."

"Na kofia?"

"Kofia?" Aliwatazama mmoja mmoja. "Haya. Na kofia."

Outi hakungoja nyimbo. Alipita mlango wa nyuma, akakimbia kwenye theluji hadi kituo cha mabasi. Basi la Kuhmo lilikuwa tayari linaunguruma. Mlangoni pake alisimama mama yake mzazi, mashavu mekundu, nywele bado mbichi chini ya kitambaa.

"Kakubali, mama!" alisema Outi, akamrukia shingoni.

"Nilijua atakubali." Mama alimfuta theluji usoni kwa kiganja, kisha akainama karibu na sikio lake. "Sasa niambie, mwanangu, huyo Leskelä mwenyewe yukoje? Mnene kama mimi?"