Sekela Mkiani

Kabla ya kila msimu, mtambo wa ligi ya kikapu ulikusanya orodha za wachezaji bora kutoka kwa makocha, mashabiki na wazazi, ukaziunganisha kuwa moja. Orodha za wazazi zilipewa uzito mkubwa kuliko zote, maana mzazi anamjua mwanawe. Walioangukia mkiani hawakucheza.

Mwaka huu Sekela alikuwa mkiani.

"Mmoja wenu ameniangusha," aliwaambia wazazi wake.

Tumpe, mama yake, alikuwa ameketi, beseni la maji ya moto kando yake. Kila jioni alilikanda goti la binti yake lililovimba. Alitaka lipumzike tu, msimu mmoja. Akafungua mdomo aseme.

"Siyo wewe, mama," Sekela alimkatiza. "Ni baba."

Ambakisye, ambaye kwenye orodha yake alimweka binti yake nafasi ya kwanza, alimtazama mkewe kwa muda. Kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu."

Sekela akampa mgongo, akaunyoosha mguu mapajani mwa mama yake. "Nikande, mama. Nimebaki na wewe tu."

Tumpe akatumbukiza mikono kwenye beseni. Maji yalikuwa yakiunguza. Hakuitoa.