Gramu Saba kwa Changu Mmoja

Itangazwe kwa wavuvi wote, wa maji ya chumvi na wa maji ya bomba, kwamba asubuhi hiyo ya Jumamosi Klabu ya Uvuvi ya shule ya wasichana ilikutana gatini, wanachama wake wote, kwa shughuli ya kihistoria. Wanachama wote walikuwa wawili. Wa tatu alipatwa na homa ya ghafla, ile inayompata mtu akisikia Mkuu wa Shule anakuja.

Na Mkuu wa Shule alikuwa amekuja. Alisimama juu ya mbao za gati na viatu vyake vya ofisini, saa mkononi, ufunguo wa geti mfukoni.

"Mpaka kengele ya chakula," alisema. "Changu mmoja tu. Kwa plastiki, si kwa uduvi. Mkikosa, nalifunga geti hili, nanyi mtahamia Klabu ya Kufuma."

Habari ya uduvi ilikuwa ndefu na yenye harufu. Kwa ufupi, mfuko wa chambo ulisahauliwa juu ya kabati la bweni likizo nzima. Tangu hapo klabu iliruhusiwa kuvua kwa visamaki vya plastiki laini peke yake, na tangu hapo haikupata hata gamba.

Mwenyekiti alipiga magoti, akafungua kisanduku. Wenzake walimwita Mizani, kwa sababu hata sukari ya chai aliipima kabla ya kukoroga. Saa tatu za Jumamosi nje ya uzio ndizo zilizomwezesha kuvumilia saa nyingine zote za wiki, na sasa zilikuwa zimening'inia kwenye ndoana.

Ndoana zenyewe zilipangwa kwa safu, kila moja na kichwa cha risasi shingoni cha kuizamisha: gramu mbili, tatu na nusu, tano, saba.

Mizani alilowesha kidole, akakiinua. Upepo ulipiga ubavuni. Maji yalikuwa yanatoka kwa kasi, yakichemka kuzunguka nguzo za gati.

"Mbili," alisema, akaivisha ndoana kisamaki cha kijani. "Changu ana adabu zake, Madamu. Kitu kikianguka kama tofali anakikimbia. Anataka kishuke polepole, kama kinakata roho."

"Kama nyinyi mkienda darasani," alisema Madamu.

Mizani alitupa karibu na nguzo ya tatu. Mkondo ukakibeba kisamaki, ukakipitisha mbali. Akatupa tena, pale pale. Kikapita tena. Akafunga gramu tatu na nusu. Ikawa ni yale yale.

"Dakika ishirini," alisema Madamu.

Nyuma yake alisimama Mpishi, ambaye shule nzima ilimwita Mjomba. Alikuwa ameacha sufuria zake jikoni aje kushuhudia, na alikuwa anafuta mikono kwenye aproni ingawa ilishakauka zamani.

Upande wa kushoto maji yakaruka, mara moja, mara mbili.

"Samaki wale pale!" Madamu alinyoosha kidole. "Tupa kule."

"Wale si wetu, Madamu."

"Kumbe samaki wana wenyewe?"

"Wale wanacheza tu. Anayekula yuko chini ya nguzo ya tatu."

Akajaribu gramu tano. Safari hii mshipi ulishtuka, ukakaza, kisha ukalegea. Kitu kilikuwa kimeguswa, kikaponyoka. Mizani aliuma mdomo. Fundo likamshinda mara mbili. Alipoinuka, alikuwa ameshika ndoana nzito kuliko zote.

"Saba?" Katibu, yule mwanachama wa pili, alikuja juu. "Si wewe uliyetufundisha kwamba saba ni ya kumpiga nayo changu kichwani?"

"Leo nataka kifike chini."

"Kikifika hivyo atakimbia!"

"Huyu hakimbii."

Mkono wake ulipaa. Kisamaki kilizama wima kama jiwe la kisimani. Mizani alihesabu kimya. Mshipi ulipolegea, alianza kuuvuta, upana wa kidole kwa wakati mmoja. Mjomba aliacha kufuta mikono. Kule mbali, kiranja wa kengele alitoka bwaloni na nyundo yake.

Mshipi ukasimama.

Mizani alivuta kwa mikono miwili. Fimbo ikapinda mpaka ikalia.

"Amekula!" Katibu alipiga yowe. "Mjomba, amekula!"

Mizani aliegemea nyuma, akasaga meno, akapiga hatua mbili. Huko chini kitu kikakatika.

"Mwani," alisema haraka, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Changu alipanda akizunguka taratibu, mzito, mpana kama sinia. Alitua juu ya mbao kwa kishindo, na wakati huohuo kengele ikagongwa. Katibu aliruka, akacheza, akamkumbatia Mjomba, ambaye hakuonekana kuhitaji kukumbatiwa.

Hata Madamu alitabasamu. Alitoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea Mizani.

"Mimi nikishindwa nakubali. Hongera, mwanangu. Hebu nimwone huyu bingwa."

Akakunja sketi, akachutama, akamgeuza samaki kwa ncha za vidole.

Hakuwa na gamba hata moja. Tumbo lilipasuliwa vizuri kutoka kooni hadi mkiani, na ndani hamkuwa na kitu. Kila ubavu ulikuwa na mikato mitatu ya mshazari, kama ya samaki anayesubiri tu mafuta yapate moto.

Mizani hakumtazama Madamu. Alimgeukia Mpishi, macho yamemtoka.

"Mjomba, nilikwambia umfunge kwenye nguzo, basi! Nani alikutuma umsafishe?"