Kumbukumbu za Mchungaji Mwaisumo

Kila anayehitimu chuo cha wachungaji hupandikizwa kichwani kumbukumbu za mchungaji aliyemtangulia katika kanisa analopangiwa. Mke wangu, Tusekile, alipewa za marehemu Mchungaji Mwaisumo, aliyelichunga kanisa la Itumba kwa miaka thelathini.

Jumapili yake ya kwanza alisalimia waumini wote kwa majina, akaulizia hata wagonjwa walioachwa nyumbani. Mimi, fundi seremala, nilikaa benchi la mbele nikivimba kwa fahari.

Baada ya ibada, mjane wa marehemu, Bibi Syabumi, alitufuata nyumbani na kibuyu cha maziwa mgando.

“Mchungaji,” alisema, “mume wangu alikata roho kabla hajaniambia neno alilotaka kuniambia. Unalo?”

“Ninalo, mama.”

Wakaingia chumbani. Bibi alitoka akilia huku anatabasamu. Tusekile alimsindikiza hadi uani, akabaki amesimama akimtazama anavyokwenda. Nilijiona nimebarikiwa kuoa mtu wa namna ile.

“Alitaka kumwambia nini?” nikauliza kutoka mlangoni.

Hakugeuka. “Hayo ni mambo ya nyumbani kwangu,” alijibu kwa upole, macho yake bado yakimfuata bibi.

Nami nilikuwa nimeushika mlango wa nyumba yetu.